Afande Asiyetaka Kumpita Kaka Yake

Kitu cha kwanza Afande anachofanya akifika kwangu ni kupanga malapa. Si salamu, si kuomba maji. Anainama mlangoni, anachukua malapa yangu, ya mke wake, ya watoto, hata yale yaliyokatika kamba, anayapanga mstari mmoja, visigino ukutani, vidole vinatazama nje. "Dani," ananiambia, na Dani ni nyanya kwa Kijaluo, "siku ukihitaji kutoka mbio, hutatafuta kiatu." Namwuliza, mimi na magoti haya nitatoka mbio niende wapi? Anacheka, lakini malapa hayatoki kwenye mstari.

Alizaliwa wapi na nani sitasema. Hayo husomwa matangani, na yeye yuko hai, anakula vizuri. Mjue tu kwamba ni mjukuu wangu, nilimlea mimi, yeye pamoja na kaka yake, hapa kwetu juu ya Sindo, mahali ambapo upepo wa ziwa unakuletea harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, kabla hujaona anayewaanika. Jina lake liko kwa kitambulisho. Kijiji kizima kinamwita Afande tangu alipoingia jeshini, na mimi pia. Kaka yake naye ni mwanajeshi, lakini huyo tunamwita Mkubwa. Alitangulia kuzaliwa, na katika dala yetu, yaani boma letu, kutangulia ni cheo.

Afande ana sauti mbili. Ile ya kazini nimeisikia mara moja tu, siku ng'ombe wa jirani walipoingia kwa mahindi yetu. Alipanda juu ya kichuguu akatoa amri moja. Sijui alisema nini. Ng'ombe walisimama, jirani aliyekuwa anawakimbiza akasimama, na mimi niliyekuwa nimeketi napepeta maharagwe nikasimama pia, ungo mkononi, sijui nangoja nini. Sauti ya nyumbani ni ya mtu anayeomba chumvi kwa watu asiowajua. Mtu aliyekwenda vitani na kurudi, sokoni Sindo anashindwa na mama mmoja wa samaki. "Tuletee Afande wako," wananiambia wale wanawake. "Yule tunampa samaki wa jana na bado anasema asante."

Na maji anayaogopa. Mtoto wa ziwa! Tulikuwa na mazishi kisiwani Takawiri, tukapanda boti ya injini, wamama na sufuria zetu. Afande akakaa katikati kabisa, jaketi la kuokolea amelifunga mpaka kidevuni, macho amefumba, midomo inatembea. Wamama wakaanza.

"Afande, adui yuko wapi?"

"Yuko chini," akasema, na macho hakufungua.

Tulicheka mpaka mwenye boti akatuambia tutulie, tutaizamisha.

Lakini mtu akidhani ni mwoga, amwulize aliyelala naye kwenye handaki. Kuna kijana Mkuria wa Kehancha aliyekuwa chini yake jeshini. Siku moja alipita kunisalimia, ameniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, akaniambia, "Nyanya, yule sajini wetu hali mpaka wa mwisho wetu apate. Na hatumi mtu pahali ambapo mguu wake haujafika." Nikafurahi, nikakaa vizuri kwenye kiti, kwa sababu hilo neno ni langu. Mimi ndiye nilimwambia akiwa mdogo, alipotaka kumtuma mwenzake kwenye mzinga wa nyuki.

Ndipo yule kijana akasema jambo ambalo alidhani nalijua. "Kitu ambacho hatuelewi, Nyanya, ni kwa nini hataki kuwa ofisa. Mara mbili mkuu wa kikosi amemwita, fomu iko mezani, kalamu iko juu ya fomu. Mara mbili amesema asante, hapana. Sasa wanasema ataitwa mara ya mwisho, kwa sababu miaka inamfungia mlango."

Nikaweka kibuyu chini.

Nieleze, kwa sababu nami ilibidi nielezwe. Askari akianzia chini anapanda kwa tepe, zile V za kwenye mkono wa shati. Sajini ana tatu. Ofisa ana nyota begani. Kutoka zile V mpaka begani ni shubiri moja tu, pimeni, lakini wanaume wengi wanazeeka na kustaafu bila kuvuka shubiri hiyo. Anayevuka anarudi shule kama mtoto, anafundishwa miezi mingi pamoja na vijana waliotoka moja kwa moja shuleni, akifaulu anapewa nyota na mkuu wa nchi. Na kuna umri, ukiupita hata uwe shujaa hawakuchukui. Mjukuu wangu alikuwa amesimama kwenye mlango huo, unafungwa, na yeye anautazama tu.

Alipokuja likizo sikumzungusha. Nilimngoja amalize ugali.

"Umekataa nyota kwa nini?"

Akatazama sahani. "Nani amekuambia?"

"Kibuyu cha maziwa. Nijibu."

Akasukuma sahani kando. Kisha akasema, "Dani, Mkubwa ni sajini kama mimi. Nikipata nyota, tukikutana kambini atanipigia saluti. Yule aliyenivalisha viatu anipigie mimi saluti? Aniite mimi bwana?"

Hiyo ya viatu naijua, nilikuwepo. Siku wanajeshi walipokuja Migori kuandikisha vijana, ndugu hawa wawili walikuwa na jozi moja ya raba. Niliwasindikiza na ndizi za kuchemsha. Uwanja umejaa vijana vifua wazi, wanapimwa urefu, wanahesabiwa meno kama ng'ombe wa mnada, kisha wanakimbizwa kwenye barabara ya kokoto. Wote wawili wakawekwa kundi moja. Nilidhani watapiga kura wapate wa kuvaa raba. Mkubwa alipiga goti moja chini, akamvalisha mdogo wake, akazifunga kamba mara mbili, halafu akakimbia miguu mitupu. Alimaliza nyayo zinatoka damu, akasimama wima mbele ya daktari kana kwamba amekanyaga nyasi. Walichukuliwa wote wawili.

Basi tangu siku hiyo Afande hajamtangulia kaka yake kwa lolote. Hata mlangoni anangoja. Alipotakiwa kupandishwa kuwa sajini aliomba acheleweshwe, nami sikujua, mpaka Mkubwa alipopata kwanza. Na hapa nyumbani ndiyo usiseme. Kwetu, mvua ikianza, si kila mtu anashika jembe anavyotaka. Ninapanda mimi kwanza kwa sababu ndimi mwenye dala. Kesho yake anapanda Mkubwa na mke wake. Kesho kutwa ndiyo Afande. Mdogo akiruka zamu, wazee wanasema ameita balaa nyumbani. Kuna mwaka Mkubwa alizuiliwa kazini, mvua imenyesha wiki mbili, majirani mahindi yao yameshainuka. Mke wa Afande amekaa na mbegu alizoloweka kwenye beseni mpaka zikaota humo humo, zina majani.

"Mwambie mumeo apande," nilimwambia.

"Dani, nimempigia simu. Anasema tumngoje Mkubwa." Akaliinua lile beseni. "Nitavuna hapa hapa."

Mwaka huo walikula mahindi ya kununua. Mila inasamehe, mkubwa aliyezuiliwa akitoa ruhusa mwenyewe, kila mtu anajua hivyo, lakini Afande hakutaka hata kuomba ruhusa. Kuomba tu aliona ni kusukuma.

Kwa hiyo aliponijibu mambo ya saluti, nilimwambia, "Jeshi si dala."

Akaniangalia kwa upole, ile sauti ya chumvi. "Dani, si wewe ndiye ulinifundisha mdogo haruki mkubwa?"

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini najua ninaposhindwa. Nusu ya kosa hilo ni langu. Nilimfundisha sheria, sikumfundisha kwamba sheria nayo ina mlango.

Sikulala juu ya jambo hilo. Nilimpigia Mkubwa simu nikamwambia aombe likizo, mvua kubwa inakaribia, na nina neno. Mkubwa ni mtu wa aina nyingine. Kidato cha nne alikipita kama mbuzi anavyopita ua, kwa kubanana, na hicho ndicho kilichomfungia yeye njia ya uofisa, si uvivu. Anaongea kwa nguvu, anacheka kwa nguvu, akikasirika anakuwa kimya ghafla. Alifika Alhamisi. Nikawakalisha wote wawili jikoni, nikasema yote bila kupunguza.

Mkubwa akawa kimya.

"Mara mbili?" akamwuliza mdogo wake.

"Mara mbili."

"Uliniuliza?"

"Sikutaka uone kwamba…"

"Nimeuliza, uliniuliza?"

"Hapana."

"Kwa hiyo umeenda mbele ya mkuu wa kikosi, mara mbili, umenifanya jiwe la mlangoni. Kila mtu akiuliza kwa nini hupiti, jibu ni mimi." Alisimama, kichwa karibu kiguse bati. "Omera, ndugu yangu, nilikimbia kwenye kokoto ili uvae raba usimame mahali?"

Afande alikuwa analia. Msimwambie nimeandika. Machozi yalikuwa yanateremka na yeye amekaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

"Kesho tunapanda," Mkubwa akasema, akatoka.

Asubuhi nilipanda mimi mstari wangu. Kwa desturi siku hiyo ingeishia hapo. Lakini Mkubwa alikuja na jembe lake, akasimama kwenye kipande chake, akachimba shimo moja. Akatia punje tatu, akafukia kwa mguu. Kisha akageuka akampa Afande jembe.

"Nimeanza," akasema. "Sasa pita."

Afande alilishika lile jembe kana kwamba litalipuka. "Na shamba lako?"

"Langu halina saa. Fomu yako ina saa. Pita!"

Akapita. Alichimba mstari wa kwanza umepinda kama njia ya mlevi, mtu ambaye anapanga hata malapa. Mke wake alimfuata nyuma anadondosha mbegu, anaimba wimbo wa kanisani, kwa mara ya kwanza tangu aolewe mbegu zake zinaingia ardhini na maji ya kwanza. Jirani yetu alichungulia juu ya ua.

"Ee, dala hii imepinduliwa leo?"

"Endelea na kunde zako," nilimwambia.

Jumatatu Afande alirudi kambini akatia sahihi.

Miezi ile ya mafunzo alikuwa ananipigia simu Jumapili. Vijana aliosoma nao walikuwa wanamwita Babu. Wakikimbia mlimani wanamwacha, wakifika kwenye ramani wanamngoja. Walimu wa gwaride ni masajini, na mmoja wao aliwahi kuwa kuruti chini yake. "Ananipigia kelele sikioni, Dani," akaniambia. "Nasimama pale nasema moyoni, hii kelele nilimfundisha mimi. Nilimfundisha vizuri."

Kilichomsumbua zaidi ni meza. Maofisa wanakula kwa uma na kisu, na kuna uma wa hiki na uma wa kile. Alipopata siku chache za mapumziko alikuja kwangu akataka kujizoeza. Nilikuwa nimepika ngege mzima, mwenye kichwa. Akachukua uma. Jamani. Mjaluo, kando ya ziwa, anamkimbiza samaki kwenye sahani kwa chuma! Samaki anateleza, mfupa unamdunga, jicho la ngege linamtazama. Nilimwacha ateseke kidogo, kisha nikamwambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, huko kwenu kula unavyotaka. Huyu samaki mheshimu." Akanawa mikono akala kama mtu.

Siku ya kupewa nyota sikwenda, ni mbali na mgongo wangu haukubali gari la siku nzima. Nilitazama kwenye televisheni ya kinyozi, Sindo. Walikuwa wengi, kofia zote sawa, mapanga yote sawa. Nikachagua mmoja mrefu nikamlilia vizuri, nikamwombea, wateja wa kinyozi wakanipigia makofi. Baadaye niliambiwa huyo niliyemlilia si wetu. Mjukuu wangu alikuwa mstari wa nyuma, hata hakuonekana. Basi, yule mrefu naye ana nyanya mahali, machozi hayakupotea.

Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba. Neno la jikoni ni neno, na jembe ni jembe. Kumwona mdogo wako na nyota, macho kwa macho, hicho ni kitu kingine. Wakati wote huo ndugu hawa hawakuwa wamekutana, kambi zao ziko mbalimbali. Nilikuwa nimewaona wanaume wakigawana vizuri mpaka siku ya kusimama pamoja, ndipo wivu ukaanza.

Walikutana juzi, mvua fupi zilipokaribia. Mkubwa alitangulia kufika kwa siku moja. Asubuhi aliomba pasi ya makaa. Alipiga pasi sare yake kuanzia chai mpaka uji wa saa nne. Nilimwuliza kama ana safari.

"Sina," akasema.

Nikaogopa. Nikakaa nje na mahindi ya kupukuchua, nikapukuchua bila kuangalia.

Afande alishukia barabarani kwa bodaboda, akaja kwa miguu mpaka getini. Sare mpya, nyota inang'aa, viatu unaweza kujitazama. Lakini kichwa kitupu. Na mimi, mwanamke wa darasa la tatu, nilielewa kabla ya mtu yeyote. Yeye mwenyewe alinieleza zamani: ofisa asiye na kofia harudishi saluti. Alikuwa ameificha kofia kwenye begi. Barabara nzima kutoka lami alikuwa ameivaa, karibu na kwetu akaivua, ili kaka yake asiwe na la kufanya.

Mkubwa akatoka nyumbani. Sare imenyooka, kofia kichwani, V tatu mkononi. Alitembea mpaka getini, polepole. Kuku walimpisha.

"Kofia yako iko wapi?"

"Iko kwa begi."

"Ivae."

"Omera, tuko nyumbani."

"Hujaingia. Umesimama nje ya geti. Ivae."

Afande akafungua begi. Akaivaa haraka, kofia ikakaa upande. Mkubwa akasogea, akainyoosha kwa vidole viwili, taratibu, vile alivyofunga zile kamba Migori. Akarudi nyuma hatua mbili. Mguu ukapiga chini, vumbi likaruka, mkono ukapanda. Sijawahi kuona saluti kama ile, na nimeona nyingi. Haikuwa na uchungu hata kidogo. Ilikuwa na kiburi, kile kiburi cha mtu anayekuonyesha ng'ombe wake.

Mkono wa Afande ukapanda pia. Walikaa hivyo, wajukuu wangu wawili, mpaka mahindi yakanimwagika mapajani.

Mkubwa ndiye aliyevunja. "Haya. Sasa ingia. Na ukishavuka hii geti, ujue mimi ndiye mkubwa wako. Kesho ninapanda mimi. Wewe kesho kutwa."

"Ndiyo, Mkubwa," akasema ofisa wa jeshi.

"Na mstari wako safari hii unyooke. Ule mwingine ulitutia aibu."

Wakaja mpaka mlangoni kwangu, wanasukumana kama vijana, Mkubwa mbele. Wakavua buti. Afande akainama, kama kawaida yake. Akaweka buti za Mkubwa, visigino ukutani. Kando yake akaweka zake. Mimi nikavua malapa yangu, yale yaliyokatika kamba, nikayasukuma kwa mguu mpaka mwisho wa mstari, nipishe wenye nyota na V zao.

Afande akayaokota. Akasogeza buti zote nne, akayaweka malapa yangu mwanzo.